Deni la Mtu au Deni la Nyumba? Kuielewa Mikopo ya Halmashauri ya Kupunguza Upotevu wa Nishati Majumbani

Mtu akisikia kwamba halmashauri ya mji inatoa fedha ili wenye nyumba wazibe nyufa, waweke vihami joto darini au wafunge mtambo mpya wa kupashia maji, hudhani ama ni ruzuku, ama ni kodi mpya iliyopambwa kwa maneno matamu. Wanaoamini ni ruzuku hukimbilia kutia saini, na wanaoamini ni kodi hukimbia. Mkanganyiko huo una chanzo chake, kwa sababu fedha zenyewe hutoka kama mkopo, mara nyingi hurejeshwa pamoja na kodi ya majengo, na anayezitangaza mlangoni kwako mara nyingi ni fundi anayetafuta kazi. Jambo moja likipita mikononi mwa watatu, kila mmoja huliita kwa jina lake.

Mjadala mwingi huishia kwenye riba. Riba ina uzito wake, lakini kwa maoni yangu lipo swali linalotangulia: deni hili limefungwa wapi? Linaweza kufungwa kwenye jina la mtu, kwenye nyumba yenyewe, au kwenye mita ya umeme. Ukishajua limefungwa wapi, utajua nani atalilipa nyumba ikiuzwa, nani atatangulia kulipwa mambo yakienda mrama, na nini kinaweza kuchukuliwa.

Tuanze na maneno. Kuboresha matumizi ya nishati katika nyumba ni kupata huduma ileile, yaani joto, ubaridi, mwanga au maji ya moto, kwa kutumia nishati pungufu. Huko si kujinyima. Anayezima taa na kukaa gizani amebana matumizi, na anayebadilisha balbu akapata mwanga uleule kwa umeme kidogo ameboresha matumizi. Kihami joto ni kitu kinachozuia joto lisipite kwa urahisi, kama vile sufi ya kioo, selulosi au povu, na kinafanya kazi pande zote mbili: kwenye baridi huzuia joto la ndani lisitoke, na kwenye jua kali huzuia la nje lisiingie. Waswahili husema kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi. Kwenye nyumba methali hiyo hupinduka, kwani hapa mchukuzi ndiye anayetumiwa ankara ya kile kilichomwagika njiani.

Nyumba huvuja wapi? Hilo halikisiwi, hupimwa, na kipimo chenyewe kinafaa kushuhudiwa. Mkaguzi hufunga madirisha yote, huzima vifaa vinavyochoma mafuta au gesi, kisha husimika kwenye fremu ya mlango wa mbele turubai lenye feni kubwa. Feni hutoa hewa ya ndani hadi tofauti ya mgandamizo kati ya ndani na nje ifike paskali 50, na hapo nyumba nzima huanza kuvuta pumzi kupitia kila tundu lililojificha. Ukisogeza mgongo wa kiganja kwenye soketi ya umeme ukutani unausikia upepo. Ukishika kijiti cha moshi chini ya mfuniko wa kupandia darini, uzi wa moshi uliokuwa umesimama wima hupinda ghafla. Mwenye nyumba aliyekuwa akilaumu madirisha kwa miaka mingi mara nyingi hugundua hapo kwamba adui mkubwa alikuwa dari.

Ugunduzi huo una maana kubwa kwa mkopo, kwa sababu mpangilio wa kazi ndio unaoamua kama fedha zilizokopwa zitazaa matunda. Kanuni inayokubalika kwa mafundi makini ni kuziba nyufa kwanza, kuhami pili, na kubadilisha mitambo mwisho. Nyumba isiyovuja inahitaji mtambo mdogo wa kupasha joto au kupoza, na mtambo mdogo ni nafuu kuununua na kuuendesha. Aliyekopa akanunua mtambo mkubwa kabla ya kuziba dari amenunua pampu ya kujazia ndoo iliyotoboka. Madirisha mapya hupendwa na wauzaji kwa sababu yanaonekana na yana bei, lakini kwa kawaida huchukua muda mrefu zaidi kurudisha gharama kuliko kuziba nyufa na kuhami dari. Jambo moja lisisahaulike: nyumba ikishazibwa sana inahitaji njia maalumu ya kuingiza hewa safi, hasa kama ndani yake kuna kifaa kinachochoma mafuta au gesi.

Sasa, kwa nini mji uingilie? Kazi hizi hulipiwa mara moja, ilhali faida yake huja kwa matone, mwezi baada ya mwezi, kwa miaka kumi au ishirini. Benki ya kawaida hutoa mkopo usio na dhamana kwa muda mfupi na kwa riba ya juu, na mkopo mdogo huigharimu makaratasi karibu sawa na mkopo mkubwa, kwa hiyo haina haraka ya kuutoa. Kwa upande wa mji, nyumba zinazotumia nishati kidogo hupunguza hewa ukaa na mzigo kwenye gridi. Tena mji una kitu ambacho benki haina, nacho ni uwezo wa kudai kodi ya majengo.

Fedha zenyewe hupatikana kwa njia kadhaa. Mji unaweza kuanzisha mfuko wa mzunguko, ambamo marejesho ya mkopaji wa kwanza hukopeshwa wa pili. Unaweza kuuza hati fungani, au kukaribisha wawekezaji binafsi, au kuweka akiba ya kufidia hasara katika benki au chama cha kuweka na kukopa. Njia hii ya mwisho haisemwi sana ingawa ni ya busara: mji hautoi mkopo wenyewe, ila unaahidi kubeba sehemu ya hasara mkopaji akishindwa, na benki kwa kutulizwa moyo hivyo hushusha riba. Hapo deni hubaki la mtu, na hiyo ndiyo njia ya kwanza ya kulifunga. Ukihama, unahama nalo.

Njia ya pili, ya kulifunga deni kwenye nyumba, ndiyo iliyozua maneno mengi. Mzizi wake ni wa zamani. Miji ya Marekani ilikuwa na desturi ya kujenga njia za waenda kwa miguu, mifereji ya majitaka au kufukia nyaya za umeme ardhini, kisha kuwatoza wenye viwanja walionufaika, kidogo kidogo, kupitia ankara ya kodi ya majengo. Kiwanja kikiuzwa, tozo hubaki na kiwanja, kwa kuwa mfereji nao umebaki pale. Mjini Berkeley, katika jimbo la California, Cisco DeVries, aliyekuwa mkuu wa watumishi katika ofisi ya meya, aliuliza kwa nini utaratibu huohuo usitumike kwa paneli za sola juu ya paa. Mwaka 2008 mji huo ulianza mpango wa majaribio, na mwaka huohuo jimbo likapitisha sheria ya kuiruhusu miji mingine kufanya hivyo. Mipango ya aina hiyo ikaja kujulikana kwa jina la PACE.

Mwaka huohuo mji wa Babylon, katika jimbo la New York, ulipita njia ambayo hadi leo hunichekesha kidogo. Ulikuwa na akiba katika mfuko wa takataka, na sheria haikuruhusu fedha hizo zitumike kwa kazi nyingine. Halmashauri ikapanua tafsiri ya takataka katika sheria zake ndogo ili ihesabu pia kaboni inayotokana na nishati inayopotea. Kwa tafsiri hiyo nyumba inayovuja joto ikawa inazalisha taka, na kuiziba ikawa ni kuzoa taka. Wenye nyumba walikaguliwa, wakafanyiwa kazi, na wakarejesha fedha kupitia tozo iliyofungwa kwenye nyumba zao.

Basi kulikuwa na tatizo gani? Tatizo ni foleni. Nyumba ikiuzwa kwa mnada kwa sababu mwenyewe ameshindwa kulipa, wadai hupanga mstari. Kwa kawaida kodi ya majengo husimama mbele, rehani ya benki hufuata, na madeni mengine huja nyuma. Tozo ya PACE, kwa kuwa imepanda gari la kodi, husimama mbele pamoja na kodi. Mtoa rehani aliyeamini kwamba yuko wa pili anakuta mtu mpya ameingizwa mbele yake bila kuulizwa. Julai 2010, FHFA, mamlaka ya shirikisho inayozisimamia Fannie Mae na Freddie Mac, kampuni mbili zinazonunua sehemu kubwa ya rehani za Marekani, ilitoa tamko la kupinga tozo zinazotangulizwa hivyo, na miji mingi ikasimamisha mipango yake ya nyumba za kuishi. Iliyoendelea zaidi ilikuwa katika majimbo ya California, Florida na Missouri.

Hatari ya pili haikuwa ya benki bali ya mkaaji. Kwa kuwa deni lilisimama juu ya thamani ya nyumba, waendeshaji binafsi wa mipango hiyo kule California hawakulazimika kwa miaka kadhaa kuuliza kwa dhati kama mkopaji ana kipato cha kulipa. Mafundi waligeuka mawakala. Fundi alibisha hodi, akaeleza mpango kana kwamba ni wa serikali na hauna gharama, akatoa kompyuta kibao na kuomba saini kwa kidole. Wengi walioumia walikuwa wazee wenye nyumba zilizokwisha kulipiwa rehani na kipato kidogo cha kila mwezi, yaani watu matajiri wa kuta na maskini wa mfukoni. Jimbo lilipitisha mwaka 2017 sheria ya kulazimisha kipato kipimwe, na Mei 2020 kaunti ya Los Angeles ilifunga mpango wake kabisa. Utafiti wa CFPB, taasisi ya shirikisho inayowalinda watumiaji wa huduma za fedha, uliotolewa mwaka 2023, ulionyesha kwamba kodi ya majengo ya waliokopa iliongezeka kwa wastani wa takribani dola 2,700 kwa mwaka, na kwamba kuchelewesha malipo ya rehani kuliongezeka miongoni mwao. Desemba 2024 taasisi hiyo ilitoa kanuni ya kuihesabu mikopo hiyo kama mikopo ya nyumba, pamoja na wajibu wa kupima uwezo wa mkopaji.

Ongezeko hilo la kodi huwashtua watu kwa namna ambayo hawakuitarajia. Wenye rehani wengi Marekani hawalipi kodi ya majengo wenyewe. Mtoa rehani hukusanya sehemu yake kila mwezi, huiweka katika akaunti ya kando, na kulipa kodi inapofika. Tozo mpya ikiingia, akaunti hupungukiwa bila mwenye nyumba kujua. Miezi kadhaa baadaye huja barua yenye mambo mawili kwa mpigo: malipo ya kila mwezi yamepanda, na lipo pengo la mwaka uliopita la kuzibwa. Aliyeambiwa kwamba hatalipa chochote mwaka wa kwanza huisoma barua hiyo mara mbili.

Je, kosa ni la kulifunga deni kwenye nyumba? Sidhani. Jiji la Toronto nchini Kanada linaendesha tangu mwaka 2014 mpango wa mkopo wa nishati majumbani unaorejeshwa pia kupitia ankara ya kodi ya majengo, lakini umejengwa kwa tahadhari nyingine. Mwenye rehani hupaswa kupata kwanza idhini ya mkopeshaji wake, kwa hiyo hakuna anayeshtukia mtu mbele yake kwenye foleni. Nyumba hukaguliwa na mtaalamu wa nishati kabla ya kazi, na hukaguliwa tena baada ya kazi. Mkopaji huyajua masharti kutoka kwa jiji lenyewe, na anaruhusiwa kulipa deni lote mapema bila adhabu. Tahadhari hizo zina bei yake: idhini ya benki huchelewesha, na wapo wanaokata tamaa njiani. Mimi ningechagua ucheleweshaji huo kuliko saini ya kidole mlangoni.

Njia ya tatu ni ya mita. Marejesho huongezwa kwenye ankara ya umeme ya nyumba ile, na anayehamia huyarithi pamoja na mita. Mfano mkubwa ulikuwa wa kitaifa, si wa mji mmoja, lakini funzo lake linaihusu kila halmashauri. Uingereza ilizindua mpango wa Green Deal Januari 2013, ukiwa na sharti zuri kwenye karatasi: marejesho yasizidi fedha zinazotarajiwa kuokolewa kwenye ankara. Julai 2015 serikali iliacha kuufadhili, na nyumba zilizokuwa zimechukua mkopo zilikuwa takribani 14,000 tu. Watu walilalamikia riba, walichoshwa na makaratasi, na waliogopa kwamba mnunuzi wa nyumba angekataa kurithi deni la mtu mwingine. Zaidi ya hayo, neno lililobeba sharti zima lilikuwa "zinazotarajiwa". Makadirio hufanywa kwa kaya ya wastani, na hakuna anayeishi katika kaya ya wastani.

Hapo tunagusa imani iliyoenea kuliko zote, kwamba mkopo wa nishati hujilipa wenyewe. Wakati mwingine ni kweli, ila hesabu ifanywe. Chukulia mkopo wa dola 10,000 kwa riba ya asilimia 7, unaolipwa mara moja kwa mwaka kwa kiasi kilekile. Ukiulipa kwa miaka 10, kila mwaka utatoa takribani dola 1,424, na jumla itafika dola 14,238. Ukiunyoosha hadi miaka 20, malipo ya mwaka yatashuka hadi dola 944, jambo linalopendeza macho, lakini jumla itakuwa dola 18,879. Sasa tuseme ankara zako zimeshuka kwa dola 700 kwa mwaka. Kwa miaka 20 utakuwa umeokoa dola 14,000 huku umetoa karibu 19,000. Bei ya nishati ikipanda sana mizani inaweza kugeuka, na ikishuka shimo hukua. Uliza pia kifaa chenyewe kitadumu miaka mingapi, kwa kuwa kihami cha darini kinaweza kukaa miongo bila kuguswa, ilhali mtambo wa maji ya moto unaweza kufa kabla deni lake halijaisha.

Tena akiba inategemea mwenye kuishi. Familia iliyokuwa ikipasha joto chumba kimoja kwa kuogopa ankara, nyumba ikishawekwa vihami joto, huanza kupasha vyumba vitatu. Ankara haishuki kama ilivyokadiriwa. Hilo si kosa lao, wamepata faraja waliyoikosa kwa miaka, na faraja hiyo ina thamani yake. Lakini haiwezi kulipa marejesho. Ndiyo maana kwa kaya zenye kipato kidogo sana naona ruzuku inafaa kuliko mkopo wowote, hata wa riba sifuri: huwezi kuokoa kwenye ankara fedha ambazo hukuwahi kuzitumia.

Kuna wanaosema pia kwamba fundi aliyeorodheshwa na halmashauri amedhaminiwa nayo. Mara nyingi orodha huonyesha tu kwamba ana leseni na bima. Ubora wa kazi huhakikishwa na kipimo cha pili baada ya kazi, na mpango usiokidai kipimo hicho kabla ya kumlipa fundi umemwachia mwenye nyumba kazi ya kugombana naye peke yake.

Siku ya kuuza nyumba ndipo lile swali la deni limefungwa wapi linapojibiwa mezani. Kisheria tozo ya nyumba humfuata mnunuzi, na wauzaji wa mikopo hupenda kulitaja hilo kana kwamba deni litaondoka lenyewe. Katika hali halisi mnunuzi, au benki inayomkopesha mnunuzi, anaweza kudai salio lote lilipwe kabla ya kusaini, na fedha hizo hukatwa kwenye bei ya muuzaji. Aliyepanga kuhama baada ya miaka mitatu asiuhesabu mkopo wa miaka 20 kama mzigo wa mtu ajaye.

Hayo yote yanamhusu mwenye nyumba. Mpangaji amebaki nje ya mlango, kwa sababu mwenye nyumba ndiye angekopa, ilhali mpangaji ndiye angefaidi ankara nafuu, na hakuna anayependa kukopa ili mwingine apumue. Miji michache imeona kwamba mkopo, hata uwe laini namna gani, hauwezi kufungua fundo hilo. Kaunti ya Boulder, jimboni Colorado, ilianza mikopo ya kufungwa kwenye nyumba mwaka 2009, na upande wa nyumba za kuishi ukakwama baada ya lile tamko la FHFA la 2010. Mwaka huohuo wa 2010 jiji la Boulder lenyewe lilipitisha kanuni kwamba kila nyumba ya kupangisha ifikie kiwango cha msingi cha matumizi bora ya nishati, na likawapa wenye nyumba hadi mwisho wa mwaka 2018 kufanya hivyo. Ambaye angeshindwa asingepewa leseni ya kupangisha.